Ukurasa wa Nne

Nilitoka Chunyu jogoo hajaamua,
barua nimeibana ndani ya daftari la mtoto
isilowe jasho.
YAH: KUOMBA NAKALA YA HUKUMU.
Mwalimu Mhewa ndiye aliyeniandikia,
akapiga mstari kwa rula, mara mbili,
akasema serikali hupenda mstari.

Dirishani Mpwapwa, Bi Twisege karani
aliisoma kwa kidole.
Namba ya shauri?
Siijui.
Mwaka?
Mwaka tuliokula yanga.
Akacheka: Yanga ya mpira?
Yanga ya mahindi, mama, yale ya njano,
yaliyoshushwa stesheni ya Gulwe kwa magunia,
tukayasaga tukiyalaumu, tukayala tukiyalaumu.
Akaniambia, bila ubaya,
daftari la mashauri halina safu ya njaa.

Basi tukarudi nyuma
kama watu wanaotafuta ng'ombe kwa kwato:
tulikuwa tumeshahamia kijijini?
Tembe letu lilikuwa limeshabomolewa?
Mimi nilikuwa mgongoni, au natembea?
Nilikuwa mgongoni.
Sabini na nne, akasema. Au tano.
Njoo Alhamisi.

Alhamisi namba ya malipo haikutoka, umeme ulikatika.
Jumatatu mwenye ufunguo alikuwa msibani.
Nauli ya tatu niliuza jogoo yule yule.

Masjala inanuka popo.
Majalada yamefungwa kwa katani, fungu kwa fungu,
MIRATHI, MADAI, MIFUGO,
na waliochukiana wamelala ubavu kwa ubavu
chini ya vumbi moja.
Bi Twisege alijifunga khanga puani, akapanda juu ya stuli,
akawa anasoma majina ya watu kama anaita wanafunzi,
na wote watoro.
Kisha: "Matika binti Chigoha
dhidi ya Lenjima Masingi."
Sikuitika. Nilishika ukuta.

Kwetu husemwa mama hakudai.
Aliliacha shamba kwa hiari yake,
ndivyo baba wadogo wanavyosimulia
kila tunapogawana mbegu.
Hakimu, kwa mwandiko ulioinamia kulia, ameandika:

*Mimi Mgogo, Mkristo, umri nakadiria thelathini.
Naapa nasema: shamba la korongoni nililima mwenyewe.
Mdaiwa akaingiza ng'ombe, mtama ukiwa bado maziwa.
Nikamwambia toa. Akasema mwanamke hana mpaka.
Nikaenda nikapanda minyaa mpaka jioni.
Minyaa ipo. Mahakama ikaione.*

Ile minyaa!
Nimefunga mbuzi pale, nimeanika shati pale,
nimechapwa kwa kuchezea utomvu wake.
Sikuwahi kuuliza nani aliipanda.
Nani huuliza nani alipanda minyaa?

Chini ya maneno, dole gumba, wino wa zambarau,
na katikati ya dole ufa mweupe:
kovu la mundu.
Mama hakuwahi kupigwa picha.

Ukurasa wa tatu unaishia hivi:
*Mahakama, baada ya kusikiliza pande zote mbili,
inaona kwamba*

Ukurasa wa nne mchwa wameufanya unga.
Bi Twisege alitafuta mpaka chini ya kabati,
akanyanyuka na magoti ya udongo,
akaandika pembeni, kwa wino mwekundu: Uk. 4 haupo.
Hakuniangalia alipokuwa anaandika.

Mashine ya kutolea nakala
ililigeuza dole la mama kuwa doa jeusi.
Nikaomba arudie, nyepesi zaidi.
Akarudia. Nyepesi zaidi tena.
Mara ya tatu kovu likatokea.
Zile mbili za kwanza hakunitoza.

Jioni baba mdogo alinikuta mpakani.
Haya, akasema, mahakama ilisema nini?
Nikamsomea yote, polepole,
nikafika *inaona kwamba*
nikanyamaza.
Upepo ukavuma kwenye minyaa.
Endelea, akasema.
Endelea, bwana.

Kesho yake nilimgongea Mwalimu Mhewa.
YAH: KUOMBA UKURASA WA NNE.
Alinitazama kidogo,
akaanza kutafuta rula.